Reli za Kipimo cha Kati

Nasimiyu mama,

Barua hii haina salamu. Tumekula ugali sahani moja sasa hivi, kwa hiyo hali yako naijua na yangu unaijua, ama unadhani unaijua. Nakusikia chumba cha pili unapiga pasi ile blauzi nyeupe tena, na mara ya kwanza ilikuwa imenyooka. Shangazi yako Rebeka amekwisha kukuambia kuhusu baridi, kuhusu pasipoti, kuhusu wavulana na kuhusu kutolala bila kusali. Nilikuona ukiitikia huku unaangalia dirishani, kwa hiyo mimi sirudii. Na kweli nirudie nini? Uingereza mimi naijua kwa maboksi ya treni za kuchezea tu.

Ninayotaka kukuandikia ni habari ya mama yako. Nasema mapema usije ukafikiri nimekaa mezani kutunga mashairi ya kuagana. Kuna jambo alinikataza kukuambia kabla hujaondoka, nami nikakubali. Ndege yako ni kesho jioni na jambo lenyewe bado sijalisema. Nimejaribu kulianza moja kwa moja nikachana karatasi, nikajaribu tena nikachana. Sasa nimeamua nianze na kitu ninachojua kukieleza, kisha nitalifikia. Usiruke kurasa. Nakujua wewe, hata vitabu vya shule ulikuwa unaanzia mwisho kuona nani amekufa.

Unalikumbuka duka la Bwana Ratilal, lile karibu na soko kuu la mjini. Nilipotoka Kimilili nikiwa kijana asiye na kazi, alinichukua kufagia na kupangusa vioo. Dirishani alikuwa na treni ya umeme inayozunguka mchana kutwa, na watu walisimama nje kuitazama mpaka wakasahau walikokuwa wanakwenda. Siku moja ikakwama. Bwana Ratilal hakuwa na subira wala macho mazuri, basi nikaifungua mimi kwa kisu cha kukatia kamba, nikatoa nywele na vumbi vilivyojisokota kwenye ekseli ya magurudumu, nayo ikaenda. Kuanzia hapo nikaitwa fundi, ingawa mshahara uliendelea kuwa wa mfagiaji kwa muda mrefu sana.

Rafu za duka lile zilipangwa kwa ukubwa. Juu kabisa zilikaa treni kubwa, injini moja inajaza mikono miwili, na nyingi zake zilikuwa za kufungwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Hizo zilikuwa za Wazungu wa Karen na Lavington, wenye veranda ndefu na mtumishi wa kuokota mabehewa yakianguka. Chini yake zilikuja za nusu ya hizo, nazo ndizo zilizojaza duka. Krismasi ikikaribia hakuna mzazi aliyetoka bila moja. Chini yake tena kulikuwa na kipimo cha kati, chenye reli za upana wa milimita kumi na mbili, ambacho hakikuwa na wateja wengi. Mwisho, baadaye kidogo, zikaja zile ndogo kabisa ambazo behewa lake linalala juu ya kidole.

Mimi nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, na kilichonikera ni hizo za nusu, hizo zilizopendwa. Nilizipima kwa rula nikakuta treni za Kiingereza za kipimo kile zina mwili wa kipimo kimoja na reli za kipimo kingine. Reli ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, yaani treni imesimama kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto wake. Nikamwuliza Bwana Ratilal imekuwaje kiwanda kizima, chenye wahandisi, kikakosea hivyo na watu wakanunua.

Alinieleza akiwa anakunywa chai yake. Zamani walipoanza kutengeneza treni ndogo za umeme, mota zilikuwa nene. Treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za nchi nyingine za Ulaya, na mota ikakataa kuingia ndani yake. Basi wakauvimbisha mwili ili mota ienee, na reli wakaziacha zilivyokuwa. Watu wakanunua. Mota zilipokuja kuwa ndogo, reli zilikuwa zimeshatandikwa katika nyumba zote, na hakuna mtu atakayetupa reli zake kwa sababu fundi mmoja wa Nairobi ameleta rula.

Nikashupaa kwamba bado ni makosa. Akanitazama kwa huruma.

"Wanjala, wewe nauliza ipi iko mzuri," akasema. "Kiwanda hapana uliza hiyo. Kiwanda nauliza, nyumba ya watu iko na reli gani?"

Akaendelea kunifundisha, kwa maana alipenda kufundisha kuliko kulipa. Kile chuma kinachochongwa ili plastiki imiminwe ndani yake kina gharama ya kutisha, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuchonga kwa ajili ya wateja wachache. Mwenye duka naye hawezi kuweka vipimo vyote, rafu hazitoshi, basi anaweka kile kinachotoka. Wanaotengeneza nyumba ndogo, miti na vijitu vya kusimama stesheni nao hufuata kilekile. Mtoto anaomba kile alichonacho jirani yake ili waunganishe reli. Na kipimo kinachoanza kupungua wateja hupungua kila kitu, hadi siku moja kiwanda kinanyamaza. Hata ukubwa wa nyumba unaamua. Vita vilipokwisha watu wa Ulaya walijengewa vyumba vidogo, na zile treni kubwa zikakosa pa kulala. Nilisikia yote hayo, mama, nikayaelewa kabisa, na bado nikaja kufanya nilichofanya.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi wakaanza kufunga mizigo. Wakaja dukani na maboksi ya treni za watoto wao, wakitaka chochote kile, na Bwana Ratilal akanunua mpaka stoo ikajaa. Kipimo cha kati kilirundikana mlangoni pa choo kwa sababu hakuna aliyekiulizia. Ni wakati huohuo nilipoanza kuona uchungu kwamba duka zima halina treni hata moja ya kwetu. Kulikuwa na za Waingereza, za Wajerumani, za Wamarekani zenye taa kubwa mbele. Ile iliyonileta mimi Nairobi kutoka magharibi, ile yenye injini mbili mgongo mmoja ikipanda bonde huku inahema, haikuwapo popote.

Jumapili moja tukakwenda mimi, wewe na mama yako stesheni ya Dagoretti baada ya kanisa. Ulikuwa na gauni la rangi ya machungwa na kiatu kimoja kilikuwa kinakubana. Nilishika ncha moja ya kamba kwenye reli ya huku, wewe ukashika ya pili kwenye reli ya kule, na mama yako amesimama pembeni na Biblia, akituambia kwa aibu kwamba watu wanatuangalia. Reli zetu ni za upana wa mita moja. Za Uingereza ni pana zaidi. Ndiyo maana hakuna kiwanda kilichojisumbua na sisi. Treni yetu haikai kwenye reli zilizomo nyumbani mwa watu.

Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya sukari. Vile vijitu vya Kijerumani vilivyouzwa kwa paketi vilikuwa vya kipimo cha sehemu moja kwa themanini na saba. Ukikata mita moja sehemu themanini na saba unapata karibu milimita kumi na mbili. Yaani upana wa reli za kipimo cha kati! Reli ambazo hakuna aliyezitaka zilikuwa zimelala pale mlangoni pa choo zikiwa sawasawa na reli zetu, zikisubiri mtu wa kutengeneza mwili. Sijui kama umewahi kufurahi namna ile. Nilitembea kutoka mjini hadi nyumbani Kabiria nikizungumza peke yangu.

Nilipomwambia Bwana Ratilal kwamba nataka vitu vyake vyote vya kipimo cha kati, anikate kwenye mshahara, aliweka kikombe chini. Akauliza, yote? Nikasema yote. Akainuka akanisaidia kufunga maboksi kwa mikono yake, yeye ambaye sikuwahi kumwona akinyanyua hata chaki. Nikafikiri ananiheshimu sasa.

Tulikuwa na chumba kimoja wakati huo kwa Mzee Njoroge, na unajua kilivyokuwa: kitanda, meza, cherehani ya mama yako, na wewe. Pa kuweka reli hapakuwapo. Basi nikapata ubao mpana, nikatandika reli juu yake, nikaufunga kamba pembe zote nne na kuuning'iniza darini. Tukitaka kula unapanda, tukimaliza unashuka. Mama yako alishona sare za watoto wa Waithaka na ubao ule ukining'inia juu ya kichwa chake miezi na miezi. Mzee Njoroge alikuja kudai kodi akaukuta, akasimama chini yake akitazama juu, akauliza kama kule kwetu magharibi watu hulaza maiti namna hiyo. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Nakuandikia hili kwa sababu nataka ukumbuke kicheko kile.

Injini nilitengeneza kwa bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, nikalehemu kwa risasi, nikapaka rangi ile nyekundu iliyoiva. Magurudumu na mota nilitoa kwenye treni za maboksi. Wewe ulichora stesheni, ukazikata kwa karatasi ngumu, na ulikuwa mkali kuliko mimi, nikizidisha mlango kidogo unaniambia, "Baba, hiyo mtu hawezi fikia." Treni ya kwanza ilipozunguka, majirani walijaa mlangoni. Mwalimu mmoja akaagiza moja. Kisha mwanamume mwenye duka ndani ya hoteli kubwa mjini akaiona, akasema watalii watazigombania, akataka nyingi kadiri ninavyoweza. Hapo kichwa kikanivimba, nikaacha kazi. Nilimwambia mama yako baada ya kuacha, si kabla. Bwana Ratilal aliponipa mkono wa kwaheri hakuniangalia usoni.

Unajua kilichofuata kwa sababu ulikula matokeo yake. Treni chache za kwanza zikaisha na magurudumu yangu yakaisha nazo. Nikarudi dukani kuagiza mengine, mota nyingine, reli nyingine, nikiwa nimevaa tai. Ndipo akaniambia kwamba hakuna. Kiwanda cha Uingereza kimeacha kutengeneza kipimo kile. Nikauliza tangu lini.

"Mbele wewe nanunua," akasema. Barua ya kumjulisha ilikuwa imefika kabla.

"Ulijua?"

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

Alichezea kalamu yake. "Wewe nafurahi sana, Wanjala. Mimi naharibu furaha ya mtu, kwa nini?"

Nilitoka pale nikiwa sioni njia. Kwa miaka nilimchukia, na niliposikia ameuza duka na kwenda zake na familia yake sikwenda kumuaga. Lakini nimemfikiria sana wiki hizi, kuliko nilivyomfikiria wakati wote ule. Nadhani alinipenda kweli. Na alitaka maboksi yale yamtoke mlangoni pa choo. Aliweka yote mawili katika ukimya mmoja akauita wema, na mimi nikaenda nyumbani nikiimba.

Tulipita wakati mgumu, mama yako akitulisha kwa cherehani nami nikibeba mawe kwenye ujenzi wa yale majengo ya Upper Hill. Hakunitukana. Kuna jioni moja tu alizungumza, tena kwa sauti ya chini, akiwa anatia uzi kwenye sindano. Aliniambia hakasiriki kwa sababu nimeshindwa, mtu yeyote hushindwa. Anakasirika kwa sababu nilimwambia baada. "Ungeniuliza kwanza," akasema. "Labda ningesema ndiyo. Lakini ningekuwa nimesema mimi."

Maneno hayo yaweke karibu, nitayarudia.

Sasa tufike. Tumekuambia mama yako ana vidonda vya tumbo, na kwamba kule hospitali wanamtibu pole pole kwa dawa na maziwa. Siyo vidonda. Ni uvimbe, mama, ule mbaya. Walimpasua wakauona, wakafunga. Daktari alituita wote wawili, kijana mpole, akatuambia haukatiki na umeenea. Sikumwuliza miezi, naye hakutaja. Alisema tu tusipange mambo ya mbali. Kozi yako ni ya miaka mitatu, na miaka mitatu ni mbali.

Tulipobaki wenyewe hakulia. Alinishika mkono wa shati.

"Baba Nasimiyu, usimwambie. Huyu mtoto namjua, akijua hataenda. Na ile nafasi hawatamwekea. Wacha aende na furaha yake."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Barua ya chuo niliisoma mwenyewe: usipofika mwanzo wa muhula, nafasi inapewa mwingine. Kuna wasichana wangapi hapa Kenya waliochukuliwa kwenda kujifunza kuchora mitambo? Mkuu wa shule yako hakuwahi kumwona hata mmoja. Na tangu siku ile nimekuwa nikikudanganya mchana na jioni. Ulipouliza kama maziwa yanamsaidia nikasema yanamsaidia sana, na wewe ukaanza kwenda kwa Mzee Njoroge kila jioni kumsubiri akamue ng'ombe wake, ukayapeleka mpaka hospitali yakiwa bado na joto. Mama yako aliyanywa mbele yako yote na kuyatapika ukishatoka. Nilishika beseni. Nilikuwa nikikusikia ukishuka zile ngazi unapiga mluzi, na nikajua sasa mimi ndiye ninayefunga maboksi.

Leo mchana nilikwenda hospitali peke yangu, ndiyo maana nilikutuma mjini kununua kamba ya sanduku ambayo tayari tunayo. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Hiyo si maneno ya mtoto." Nikamwambia mtoto mwenyewe ana miaka ishirini na anavuka bahari. Akasema nikikuambia nitakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho cha kukupa. Hapo nilishikwa na kilio, nikangoja kipite. Kisha nikamkumbusha yale maneno yake ya jioni ile, ya sindano na uzi. Kwamba labda ungesema ndiyo, lakini ungekuwa umesema wewe.

Aligeuza uso ukutani. Nilikaa kwenye kiti mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Niliposimama akasema, bado amenipa mgongo, "Kama unamwambia, mwambie yote. Usimpe nusu. Na asikuje hapa na macho mekundu. Nataka kumwona na ile koti."

Ni lile la kijivu, alilokushonea kabla hajalazwa. Unajua alivyohangaika nalo, akitia bitana na kuitoa, kwa sababu baridi ya kulipimia hakuwahi kuiona.

Basi sasa umejua ninayoyajua. Sikuachi na mzigo huu halafu nikajifanya sina langu ninalotaka. Nataka ubaki. Naogopa kukaa peke yangu na lile beseni, naogopa usiku wake na wangu, naogopa siku nitakayokuandikia na barua ichukue majuma kukufikia. Na nataka uende, nataka sana, kwa sababu ukikaa hapa kwa ajili yetu utakuja kuchora mabango ya maduka na kunitazama mezani kwa macho ambayo sitayaweza. Usiyapime haya ninayoyataka. Nimekuambia ili usije ukayakuta baadaye yamejificha ndani ya wema wangu, kama nilivyoyakuta ya Bwana Ratilal.

Ukienda, hakuna atakayesema una moyo wa jiwe, na atakayesema nitamjibu mimi. Unajua Rebeka ananiogopa. Ukibaki, sitakuambia hata siku moja kwamba umetupa bahati. Kama kuna njia ya tatu, kumwandikia mkuu wa chuo kwa mfano, wewe ndiye unayejua Kiingereza chao. Mimi nimekutandikia reli tangu ulipokuwa na kiatu kinachobana, nikakupa rula, nikakupa penseli, nikafurahi ulipozifuata, na sikuwahi kukuuliza kama unazipenda au ni kwa sababu ndizo zilizokuwamo nyumbani. Nakuuliza leo, nikiwa nimechelewa, lakini ndege bado iko chini.

Na kama utakwenda, jambo moja la huko, kisha ninyamaze. Utakuta watu wana reli zao tayari na watakutaka ukae juu yake. Mara nyingine itabidi, hata mwili ukiwa hautoshi, na hilo si dhambi. Zile treni za nusu zilikuwa na kasoro na bado zilifurahisha watoto wengi. Ila ujue kipimo chako mwenyewe ni kipi. Sisi tuna mita moja, uliishika kamba mwenyewe.

Sista wa wodi amekubali tupite asubuhi, kabla ya saa za wageni. Tutakwenda, uwe umeamua au hujaamua. Utavaa koti. Ukitaka kulia, lia nyumbani, lia hata kwa sauti, nitamwambia Rebeka akuache. Mama yako atakuuliza kama mabega yanakaa vizuri. Mwambie ukweli, bega la kushoto linavuta kidogo, nimeliona mimi, na akisikia atafurahi kwamba bado kuna kitu anaweza kurekebisha. Mbebee sindano na uzi wa kijivu.

Umemaliza kupiga pasi, nasikia unakunja. Mama yako alitaka kwamba kama kuna barua yoyote ya kuandikwa, niiweke chini kabisa ya sanduku, uikute ukishafika, ukiwa huwezi tena kurudi. Sanduku lako sijaligusa. Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kulia, hapo mlangoni, na kwenda popote kesho lazima ukivae.

Baba yako,
Wanjala